Mugongo wa mutoto: tusingoje mpaka akomae



Ku mikutano yetu tunazungumza kila mara juu ya mugongo wa baba: mashine ya kutoboa mawe, kamyo inayoruka mu mashimo, mizigo. Ni haki. Lakini mu nyumba zetu kuko mugongo mwingine ambao hakuna mutu anauangalia: ule wa mutoto wa miaka 10 mpaka 15, anayerefuka upesi, na mara nyingi hasemi kitu kwa sababu hasikii maumivu.

Kuna ugonjwa ambao wanganga wanauita skoliozi. Mufupa wa mugongo unapinda upande, na wakati uleule unajizungusha. Kama ku radio kupinda kunafika digri 10, ndiyo skoliozi. Mu vijana 100, 2 ao 3 wanaupata, na ku wasichana ndiko kupinda kunazidi. Kwa watoto 8 ku 10, sababu haijulikani. Si ulozi. Si mama aliyemubeba vibaya mu kitambaa. Bidon ya maji na sakoshi ya masomo zinaweza kuumiza mugongo, lakini hazileti skoliozi. Basi tuache kugombana, tuangalie mutoto.

Kuangalia hakuombi franga. Mutoto avue shati (musichana aangaliwe na mama), asimame miguu pamoja, magoti yanyooke, ainame mbele, mikono ining'inie. Ukae nyuma yake, macho yako sawa na mugongo. Kama mbavu za upande mumoja zinapanda kuliko za ule mwingine, mupeleke ku munganga apigwe radio. Ishara zingine: bega moja liko juu, kiuno hakilingani, robe inaanguka upande. Fanyeni hivi kila miezi 6 mpaka aache kurefuka.

Juu ya nini haraka? Kwa sababu kupinda kunakimbia wakati mutoto anarefuka upesi. Sisi wa mine tunajua: mu galeri, mbao ya kushikilia inawekwa mbele dari haijainama. Chini ya digri 20, ni mazoezi na kuangalia. Kuanzia 25 mpaka 40 hivi, kama anaendelea kukua, munganga anaomba korse. Kupita 45 ao 50, wanaanza kusema upasuaji, na ule ni mukubwa na wa bei kali.

Mazoezi yanayojulikana zaidi yalitoka ku mwanamuke wa Ujerumani, Katharina Schroth. Yeye mwenyewe alikuwa na mugongo uliopinda, alivaa korse ya chuma, akajifundisha mbele ya kioo. Mwaka wa 1921 alianza kutunza wengine mu muji wa Meissen. Mutoto anajirefusha kama mutu anayetaka kugusa dari na kichwa. Anarudisha upande uliotoka, anavuta pumzi na kuipeleka ku mbavu zilizoingia ndani, halafu anapotoa pumzi anakaza misuli ili abaki pale. Kine, yaani munganga wa mazoezi, ndiye anayemuonyesha. Kisha ku nyumba ni karibu nusu saa kila siku. Musiige mazoezi ya mutoto wa jirani: wake unaweza kupinda kushoto, wa wenu kuume. Na musimupe mutu wa kuvuta mugongo kwa nguvu.

Tuseme ukweli: mazoezi hayanyooshi mugongo kama fundi anavyonyoosha chuma. Ku kupinda kudogo yanaweza kusaidia kusizidi, na yanaongeza nguvu. Lakini hayachukui nafasi ya korse. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba mu watoto 100 waliotunzwa na korse, 72 walimaliza kukua bila kufika digri 50. Mu wasiovaa, ni 48. Waliovaa saa nyingi kila siku ndio walifaulu zaidi.

Sasa angalisho kwa sisi wachimbaji. Kifua kikuu kinashika upesi watu wanaovuta vumbi la mawe, na kinaweza kupita ku watoto, kiingie mpaka mu mufupa wa mugongo. Nundu inayotoka kama ncha, maumivu ya usiku, homa, kukonda, miguu kulegea: hii si kazi ya mazoezi. Mbio ku lopitali! Dawa ya kifua kikuu iko, na inatolewa bure.

Na matunzo, nani analipa? Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema patron anatunza mufanyakazi pamoja na jamaa yake wakiwa wagonjwa. Kama mu ofisi wanawajibu kwamba mazoezi ni michezo tu, musikubali. Mazoezi yaliyoandikwa na munganga ni matunzo kama vile kidonge. Muombe karatasi yenye digri za radio, mupige kopi, mulete ku delege wenu. Wa sutretansi nao wako na patron: waje vilevile. Ndugu wakrezeri hawana patron, lakini kuangalia mutoto ku nyumba hakuwaombi karatasi ya mutu.

Musichana wa miaka 11 akiachwa miaka 3, wakati mukubwa wa kurefuka unakuwa umepita. Siku ya mungu hii, kila mutu aangalie watoto wake. Mukiona kitu, musingoje mushahara: mutukute ku sindika, twende pamoja.