BESI LA KAKA NA WAYA WA BREKI

Hakuna kitu kinachomaliza nguvu kama kukatikiwa uzi wa besi siku moja kabla ya shoo. Kwenye solo ukikosa uzi mmoja unazugazuga, maisha yanaendelea. Kwenye besi nyuzi ni nne tu, na bendi nzima inakuegemea wewe!

Yalinikuta hapahapa Nkome. Ijumaa jioni, harusi ni kesho yake, adavansi tulishaila zamani. Paa! Uzi wa D ukaachia. Na besi lenyewe si langu, ni la kaka yangu. Aliniachia alipokwenda kuhangaika na machimbo ya dhahabu, akasema neno moja tu: "Dogo, ukiliharibu tusijuane."

Nyuzi tunanunua Mwanza, tena kwa seti nzima. Kivuko cha Busisi siku hizi hakitupotezei muda, maana daraja la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025. Ila daraja halikulipii nauli, bwana! Mfukoni nilikuwa nimechacha.

NAILONI YANUNA

Nkome ni ya wavuvi, kwa hiyo akili yangu ya kwanza ilikimbilia nailoni ya sangara. Nikachagua nene, nikafunga, nikakaza. Nikichomeka kwenye amplifaya, kimya. Nikapandisha sauti mpaka spika ikaguna. Kimya vilevile!

Kumbe iko hivi. Chini ya nyuzi za besi la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye ule waya na kukimbilia kwenye amplifaya. Nailoni haina chuma, sumaku haina habari nayo. Ndiyo maana besi liitwalo Ashbory, lililotoka miaka ya 1980 likiwa na nyuzi za mpira wa silikoni, lilifungiwa kifaa kinachonasa mtetemo wenyewe badala ya sumaku.

KWA FUNDI BAISKELI

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli.

"Shikamoo baba. Naomba waya wa breki."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Nautaka kwa ajili ya gitaa, baba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kijana, hilo gitaa linakwenda kasi gani mpaka lifungwe breki?"

Vijana waliokuwa wakisubiri pancha wakavunjika mbavu. Waya nikapewa.

Msomaji wangu, ule waya una kichwa cha chuma kwenye ncha. Niliweka washa ndogo, kikanasa kwenye tako la gitaa kama kilizaliwa pale. Unene wake ni kama milimita 1.6, na uzi wa D wa dukani ni karibu hivyohivyo. Nikakaza taratibu, uso nimeugeuzia pembeni. D ikatoka! Sauti ilikuwa nzito, haing'ai, lakini D ni D. Jumamosi tulipiga mpaka saa nane usiku. Vidole vilichubuka, ila bibi harusi hakujua lolote.

TAMAA IKANIPONZA

Hapo ndipo nilipojiona profesa. Nikataka na E iwe ya waya wa breki. Ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo! E hutetemeka mara 41 kwa sekunde, D mara 73. Waya uleule, kwa urefu uleule, ukiushusha kutoka D hadi E, mkazo wake unabaki chini ya theluthi. Sauti ya chini inataka uzi mzito. Viwandani wanachukua kiini chembamba na kukizungushia waya mwingine, uzi unakuwa mzito bila kuwa mgumu.

Mimi nikaenda kwenye waya wa klachi ya pikipiki. E ilifika, lakini uzi mgumu kama nondo, na sauti inakufa mapema. Wiki mbili baadaye nikapapasa vile vyuma vidogo vya shingoni. Vimelika mitaro! Moyo ukapiga kuliko besi.

Si kwamba mimi ndiye wa kwanza kuhangaika. Kule Nkhata Bay, Malawi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, Gasper Nali anapiga babatoni, besi la kujitengenezea lenye uzi mmoja, kwa fimbo na chupa tupu ya bia. Na Staff Benda Bilili wa Kinshasa, waliotoa albamu mwaka 2009, walikuwa na kijana wa satonge, kopo lenye waya mmoja tu. Lakini vyombo vile vilitengenezwa vikae na nyuzi zile. Besi la kaka halikutengenezwa likae na klachi.

Kaka aliporudi nilimwambia kabla hajatua begi. Akapapasa shingo ya gitaa, akanyamaza, nikajua leo nalala kwa jirani.

"Harusi mliimaliza?"

"Tuliimaliza, kaka."

"Basi vyuma utalipa wewe."

Nalipa kidogokidogo mpaka leo. Kwa hiyo wewe mwenye besi, waya wa breki ni wa dharura, ni wa D, ni wa usiku mmoja, asubuhi uvue. Na ukipata hela, uzi wa akiba ukae begini. Gitaa likiwa la kuazima, kaa nazo mbili!