Kofia ya Jino Inayoubana Ufa

Msomaji wa Ukunda ana swali. Gego lake limemeguka, daktari anataka kulivisha kofia nyeupe ya zirkonia badala ya ile ya chuma, naye anahofia kwamba siku akitafuna mfupa itavunjika kama kikombe. Hofu yake ina msingi. Kauri ni ngumu, lakini ufa ukishaingia hausimami mpaka utokee upande wa pili.

Mambo ya kuchonga jino, kupima na kubandika kwa saruji ataelezwa klinikini. Mimi nimenaswa na zirkonia yenyewe.

Ni oksidi ya zirkoniamu, metali ambayo Martin Klaproth wa Berlin aliitambua mwaka 1789. Madini yake huchujwa kwenye mchanga mzito, ukiwemo ule uliochimbwa Kwale, jirani kabisa na muulizaji, hadi mwisho wa 2024. Katika joto la juu ya nyuzi 1170 hivi za Selsiasi, fuwele zake hujibana. Zikipoa hutanuka kwa asilimia 3 hadi 5, na kwa hiyo zirkonia tupu ikitolewa tanurini hujipasua yenyewe. Dawa ni kutia oksidi ya itriamu kidogo. Fuwele hupoa zikiwa bado zimejibana.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Chukua kiti cha nyuma cha matatu: ni cha wanne, wamekaa watano. Konda, ambaye ndiye itriamu, kawapanga, na kila mmoja kakunja mabega kwa sababu jirani naye hana pa kwenda. Mara abiria mmoja anajiinua kidogo kutafuta nauli mfukoni. Pengo halidumu: wa kushoto keshatanua bega, wa kulia keshashusha paja, na mwenye nauli akirudi hakuti pa kukaa. Ufa ndio hilo pengo. Ncha yake inapopenya huzivuta fuwele za kando. Nazo, zikipata nafasi, hurudia umbo lao pana na kuubana ufa uleule uliozigutua. Ukijikakamua kusonga mbele, unakutana na abiria wengine waliokuwa wakisubiri upenyo.

Watafiti Garvie, Hannink na Pascoe walilieleza jambo hili mwaka 1975 kwenye jarida la Nature, wakiuliza katika kichwa cha makala kama hii si feleji ya kauri. Mimi sifa hiyo naiita ukinzaufa. "Ugumu" ungepotosha, maana kioo nacho ni kigumu.

Kofia huchongwa kwenye bonge laini kama chaki, ikiwa kubwa kuliko inavyohitajika, kisha huokwa kwenye nyuzi 1500 hivi hadi inywee kwa takribani moja ya tano na kufikia kipimo cha jino.

Zile zinazopitisha mwanga zaidi, zinazopendwa kwa meno ya mbele, zina itriamu nyingi na ukinzaufa mdogo. Kwa gego, aulize aina. Jino lililo chini ya kofia linaweza kuoza vilevile ukingoni, kwa hiyo mswaki uko palepale. Na kama daktari ataipunguza kofia kwa mashine ili meno yakutane sawasawa, aombe ing'arishwe kabla hajashuka kitini: zirkonia yenye mikwaruzo hulila jino linaloielekea.