Shosho na Irabu Saba

Kila Mkenya anamjua shosho, yaani nyanya au bibi, ila wachache hujiuliza neno lenyewe limetoka wapi. Mkikuyu huandika cũcũ. C hiyo wengi huitamka sh, na ũ yenye alama juu si u ya Kiswahili: imeteremka, inaikaribia o. Sikio lililozoea Kiswahili likasikia shosho, na nchi nzima ikalibeba hivyo.

Sikio hilohilo ndilo linalokigeuza Kikuyu cha watoto wa Rongai. (Nasema Rongai ya Nakuru, penye mahindi na mkonge, si Ongata Rongai ya matatu zenye kelele.) Wazee wao walitoka Kiambu, Murang'a na Nyeri kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, wakajikuta jirani na Watugen, Waluhya na Wajaluo. Kiswahili kikawa lugha ya shambani na sokoni. Mjukuu amekulia humo. Kikuyu kimebaki cha jikoni kwa shosho.

Sasa hesabu. Kikuyu kina irabu 7, Kiswahili 5. Zile mbili zilizozidi hazina makao: ĩ iko kati ya i na e, ũ kati ya u na o. Mtoto huzipangisha kwa jirani. Jirani yupi? Hapo ndipo pananinogea. Aliyejifunza kwa sikio huziteremsha hadi e na o. Aliyejifunza kwa macho, kwenye ujumbe wa simu ambao hakuna anayehangaika kuutia alama, husoma i na u. Chukua jina la mwandishi Ngũgĩ: wa macho atasema Ngugi, wa sikio atasema kitu kama Ngoge.

Kuna gharama. Mũrĩmi ni mkulima, mũremi ni mwasi. ĩ ikishamezwa na e, mtoto anayemsifu guka wake (babu yake) kwa ukulima atakuwa amemtangaza mwasi. Shosho atacheka, atamsahihisha, naye atarudia vilevile. Si ukaidi. Mtafiti James Flege alishaeleza kwamba sauti inayofanana na uliyonayo hutatiza kuliko iliyo ngeni kabisa, maana sikio huona limeshaijua.

Lakini tusikimbilie kukilaumu Kiswahili. Huko Toronto, Naomi Nagy na wenzake hurekodi wazungumzaji wa Kikantoni (Kichina cha Hong Kong) na lugha nyingine za wahamiaji, kizazi baada ya kizazi, na kuwalinganisha na waliobaki kwao. Ulinganisho huo ni muhimu: Hong Kong kwenyewe, nei, yaani "wewe", kwa wengi imeshakuwa lei. Kijana wa Toronto akisema lei, Kiingereza hakina kesi. Vivyo hivyo mtoto wa Rongai apimwe na mtoto wa Nyeri wa leo, si na shosho peke yake, ambaye miaka ya kuchanganyika na Wakikuyu wa kila upande huenda imemgeuza pia.

Na shosho mwenyewe mpe Kiswahili. Kikuyu hakina l, kwa hiyo lori la mahindi kwake ni rori, na anayemsahihisha ni yuleyule mjukuu.