Prosesa Zinazolala Ndani ya Seva

"Mtandao uko chini." Mgonjwa huyasikia maneno hayo dirishani, akarudi kwenye benchi kusubiri. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mtandao ni mzima kabisa, na iliyozidiwa ni seva. Jumatatu asubuhi mapokezi yanasajili, maabara inatuma majibu, famasia inatoa dawa, na ofisi ya bima inaandaa madai ya mwezi. Yote hayo kwa wakati mmoja, katika mashine ileile. Prosesa zikishafikia asilimia 100 ya uwezo wake, kila ombi jipya husimama nyuma ya lililotangulia. Mama aliyetolewa damu saa mbili anaendelea kusubiri majibu ambayo kipimo kilikwisha kuyatoa zamani.

Dawa ya kwanza inayowajia wengi ni kununua seva kubwa zaidi. Lakini msongamano huo huwa wa saa chache tu kwa wiki, na kulipia mwaka mzima nguvu inayohitajika asubuhi moja ni gharama nzito kwa taasisi ambayo fedha hizohizo zinasubiriwa na bohari ya dawa.

Wahudumu wa afya hawatashangazwa na wazo la akiba iliyolala. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kijana mwenye afya akikimbia kwa nguvu, kiasi hicho huweza kufika lita 20. Vivyo hivyo, si kapilari zote za mapafu zinazopitisha damu wakati wa utulivu. Nyingine hufunguka mahitaji yanapopanda. Uwezo umo mwilini muda wote, ila hautumiki wote kila saa.

Kampuni ya IBM ya Marekani iliingiza wazo la namna hiyo katika seva zake. Mashine husafirishwa ikiwa na prosesa nyingi kuliko zile mteja alizonunua. Zilizonunuliwa huwashwa; zilizobaki zimo ndani, zimefungwa. Mteja anaweza kuzifungua moja kwa moja na kuzimiliki, au kuzifungua kwa muda na kulipa baadaye kulingana na matumizi. Katika seva za kizazi cha POWER5, kilichotoka mwaka 2004, kulikuwa pia na njia nyingine, iliyoitwa Reserve Capacity on Demand: kulipa kwanza, kutumia baadaye. Mtanzania aliyezoea umeme wa LUKU ataielewa upesi, maana hata hapo mteja alipewa namba maalumu, akaiingiza katika mtambo wa kuendeshea seva, na salio likaonekana.

Kilichohesabiwa kilikuwa siku za prosesa, yaani prosesa moja kwa saa 24, na ziliuzwa kwa mafungu ya 30. Prosesa za akiba ziliwekwa katika bwawa la pamoja, na seva yenyewe iliamua lini izitumie. Prosesa za kawaida zikitumika zote, na ikahitajika angalau asilimia 10 ya prosesa moja zaidi, siku moja ilikatwa katika salio. Zikihitajika mbili, zilikatwa siku mbili. Saa 24 zikiisha na msongamano umepungua, hakuna kilichokatwa mpaka wimbi jingine lije. Hakuna fundi aliyeamshwa usiku kubonyeza kitufe.

Kwa hesabu rahisi, hospitali iliyohitaji prosesa mbili za akiba kila Jumatatu ingetumia fungu la siku 30 katika Jumatatu 15. Lakini kanuni hiyo ilikuwa na ukali wake, na hapo ndipo ilipokuwa rahisi kujikwaa. Kumwagika kidogo kwa dakika chache kuligharimu siku nzima, sawasawa na msongamano wa kutwa. Ripoti ya mwezi iliyoanzishwa saa nne asubuhi, wakati madirisha yote yana foleni, ingeweza kula siku ya prosesa bila sababu. Ripoti hiyohiyo usiku wa manane isingegusa akiba. Kwa upande mwingine, wimbi lililoanza Jumatatu saa tatu asubuhi likirudi jioni, au hata Jumanne saa mbili asubuhi, lilikuwa bado ndani ya saa 24 zilezile zilizokwisha kulipiwa. Huenda ukali huo ndio ulioonekana mzito kwa wateja, kwa sababu seva za POWER6, zilizofuata mwaka 2007, zilikuja na utaratibu wa kuhesabu kwa dakika.

Kuna jambo ambalo mkurugenzi wa hospitali anapaswa kuliuliza kabla ya kutia sahihi. Seva hugawanywa katika vizio, na kila kizio hubeba mfumo wake. Kizio kilichowekewa kikomo hakiwezi kuvuka kiwango chake, hata akiba ikiwa imejaa. Mfumo wa maabara ukiwa ndani ya kizio cha namna hiyo, akiba yote inaweza kuliwa na mfumo wa mishahara, na majibu ya damu yakachelewa vilevile. Baadhi ya programu za hifadhidata nazo hutozwa leseni kwa idadi ya prosesa. Prosesa ya muda yaweza kuleta ankara ya pili kutoka kwa muuzaji mwingine.

Zaidi ya hayo, prosesa si kila ugonjwa wa seva. Ikiwa kumbukumbu imejaa, diski ni nzito, au waya wa jengo la wodi ya wazazi umekatika, kununua akiba ni sawa na kumpa kwinini mwenye homa ya matumbo. Vipimo hutangulia: matumizi ya prosesa yaandikwe kila saa kwa wiki kadhaa, yalinganishwe na saa ambazo wauguzi na wahudumu wa dirishani wanalalamika. Zikikutana, akiba ina kazi. Zisipokutana, fundi aendelee kutafuta, na fomu za karatasi za maabara ziwepo dirishani, zimepigwa mhuri, tayari kuandikwa.