Mwalimu Aliyeitia Mizani Imani Yake

Wapo watu, na maofisini hawakosekani, wanaodhani kwamba tiba ya viungo ni kazi ya kukanda misuli na kumshika mgonjwa mkono apate kutembea. Kwa fikra hiyo, anapotajwa profesa wa fani hii aghalabu huulizwa: anatafiti kitu gani? Jibu moja tunalipata Melbourne, nchini Australia, katika kazi ya Profesa Julie Bernhardt, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeshughulikia maradhi tunayoyajua vyema visiwani, nayo ni kiharusi.

Alianza kwa kutazama tu. Katika wodi za kiharusi za Melbourne, wagonjwa waliangaliwa kila baada ya dakika 10, mchana kutwa, ikaandikwa mgonjwa yuko wapi, anafanya nini na yu pamoja na nani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Zaidi ya nusu ya mchana mgonjwa alikuwa amelala kitandani, na zaidi ya asilimia 60 ya muda wake alikuwa peke yake. Na hizo ni hospitali za nchi tajiri.

Hapo ndipo ilipopata nguvu rai kwamba mgonjwa ainuliwe mapema, ndani ya saa 24, na ainuliwe mara nyingi. Rai hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika miongozo ya tiba ya nchi nyingi, na kwa hakika inaafiki akili: nani asiyejua madhara ya kulala mno? Profesa huyu angeweza kuifundisha na kuitetea mpaka siku ya kustaafu, wala asingelaumiwa na mtu.

Badala yake aliitia mizani. Yeye na wenzake waliongoza jaribio liitwalo AVERT, lililoandikisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano: Australia, New Zealand, Uingereza, Malaysia na Singapore. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, la pili likainuliwa mapema zaidi na kufanyishwa mazoezi kama dakika 31 kwa siku, ilhali wenzao walipata kama 10. Baada ya miezi mitatu walipimwa na watu wasiojua nani alikuwa kundi gani. Kazi ya kuandikisha wagonjwa ilianza mwaka 2006 ikaendelea hadi 2014, sehemu kubwa kwa fedha za umma.

Mwaka 2015 jarida la Lancet likatangaza matokeo. Katika kundi la huduma ya kawaida, asilimia 50 walipona kiasi cha kuweza kujitegemea. Katika kundi lililoharakishwa, asilimia 46. Tofauti si kubwa, lakini imeelekea upande usiotarajiwa, na waliotangaza hivyo ni wale wale waliokuwa na matumaini na rai hiyo.

Asije mtu akasoma hapa kwamba mgonjwa aachwe alale. Hata hao wa huduma ya kawaida, wengi wao waliinuliwa siku ile ile ya kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa vipindi vifupi vinavyorudiwa mara kwa mara vilikwenda na nafuu, na kurefusha dakika kulikwenda na hasara. Hilo ni jambo ambalo muuguzi na ndugu wa mgonjwa wanaweza kulifahamu bila ya mashine yoyote.

Nawaomba wakubwa wanaopitisha bajeti za vyuo vya afya walitazame jambo hili kwa makini. Mwalimu wa viungo asiyepewa muda wala fungu la utafiti atawasomea wanafunzi vitini vya jana, nao watavipeleka wodini kwa moyo safi. Miongozo ile iliyopendekeza kuharakisha iliandikwa na watu wema.

Wana-AVERT hawakukomea hapo. Jaribio jipya limeanzishwa, safari hii kutafuta kipimo: mgonjwa ainuliwe mara ngapi kwa siku, na kwa dakika ngapi kila mara.