Paka Waganga wa Kitabuni na Dawa Zilizo Majumbani Mwetu



Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, tulisafiri kutoka pwani hadi Eldoret kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Mji ule umekaa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha takriban kila alasiri katika majira hayo, na sisi watu wa joto hukaa tumejitanda mablanketi kana kwamba tu wagonjwa. Katika baridi hiyo tulimkuta mjukuu wetu wa miaka 11 amejikunyata na kitabu cha Kiingereza kisichomtoka mkononi. Tulipomuuliza chahusu nini, akatujibu, "Babu, ni paka wa mwituni. Wana koo zao na sheria zao, na kila ukoo una paka mganga."

Kitabu hicho ni kimoja katika mfululizo uitwao Warriors, ulioanza kutoka mwaka 2003 kwa jina la Erin Hunter, jina ambalo nyuma yake wamo waandishi kadhaa. Mtoto akatusimulia. Paka mganga haingii vitani kama wenziwe, bali kazi yake ni kukusanya majani na kuyakausha kabla ya baridi kali. Utando wa buibui huziba damu ya jeraha. Kuna jani la kikohozi, na kuna mbegu za mmea wa afyuni za kutuliza maumivu. Kuna pia matunda mekundu yanayoua, ambayo kila mwanagenzi wa uganga hufundishwa kuyatambua ili asije akayagusa. Tulisikiliza kwa furaha, kwani mtoto asomaye na kukumbuka ni neema, na hadithi ya kubuni si haramu madhali haimpotezi mtu.

Siku ya tatu, nduguye mdogo wa miaka 6 alikanyaga kipande cha bati nyuma ya nyumba, pale wanapofungwa ng'ombe wa jirani. Damu ikatoka. Binti yetu alikuwa kazini. Kabla sisi hatujainuka, yule dada mtu alikwisha kukimbilia stoo, akakusanya utando wa buibui kutoka pembeni mwa dari (twamkusudia buibui mdudu, si vazi la mama zetu), akaukandamiza juu ya jeraha na kulifunga kwa kitambaa. Damu ikakoma. Bibi yake akasema kwamba hata yeye udogoni aliwahi kuwasikia wazee wakiitaja dawa hiyo. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukamsifu mtoto kwa ujasiri wake, tukarudi kwenye chai.

Binti yetu aliporejea jioni na kufungua kitambaa, hakusema neno. Alimbeba mtoto hadi kliniki ya jirani usiku ule ule. Muuguzi akaliosha jeraha kwa muda mrefu, akitoa vumbi na nyuzi za utando zilizokwisha kugandamana na damu. Kisha akauliza, "Kadi ya chanjo iko wapi?" Akatueleza kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, huingia kupitia jeraha la namna hiyo hiyo, na hustawi pale jeraha linapofunikwa bila kusafishwa. Mtoto akadungwa sindano. Alhamdulillahi, jeraha lilipona salama. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, kwa kuwa aliyekosea hakuwa mtoto. Waliokosea ni wazee wawili waliokuwepo na wakanyamaza.

Asubuhi mjukuu wetu alitujia macho yamemvimba kwa kulia. Akauliza, "Babu, kwa hivyo kitabu ni cha uongo? Wanyama hawajui dawa?"

Swali hilo lilistahili jibu la haki, wala si jibu la haraka. Tulimwambia kwamba habari za paka wenye koo na waganga ni za kubuni, lakini jambo la mnyama kutafuta dawa si la kubuni. Na mwanadamu kujifunza kwa mnyama ni jambo la kale mno. Je, hatusomi katika Suratul Maidah jinsi mwana wa Adam alivyoshindwa kujua la kufanya na maiti ya nduguye, hata Mwenyezi Mungu akamleta kunguru kufukua ardhi mbele yake? Mwalimu wa kwanza wa maziko alikuwa ndege.

Kisha tukampa kisa cha kweli kutoka nchi jirani, Tanzania, katika milima ya Mahale iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Watafiti kutoka Japani wamekuwa wakiwachunguza sokwe wa huko tangu miaka ya 1960, na mwaka 1985 eneo hilo likafanywa hifadhi ya taifa. Mwezi wa Novemba mwaka 1987, mtafiti Mmarekani aitwaye Michael Huffman alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mfanyakazi wa hifadhi na mganga wa kabila la Watongwe, aliyerithi elimu ya mitishamba kwa wazee wake. Wakamwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa amelegea, analala mchana, wala hana hamu ya kula. Chausiku akauendea mti mmoja mchungu ambao sokwe wenziwe hawana desturi ya kuujali. Akavunja machipukizi, akamenya ganda, akaacha majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake, kisha akatema makapi.

Huffman hakujua alichokiona. Aliyejua ni Mohamedi, kwani Watongwe huuita mti huo mjonso, nao huutumia kwa maradhi ya tumbo na homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nguvu na anakula tena. Mwaka 1989 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la kitaalamu kwa majina ya wote wawili, mtafiti na mganga. Baadaye wanakemia wa Japani waliuchunguza mti huo, wakakuta ndani yake vitu vichungu vyenye uwezo dhidi ya vimelea.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa jamii ya Mohamedi kujifunza kwa mnyama. Imehifadhiwa habari ya babu yake, aliyeitwa Babu Kalunde. Kijiji kilipopatwa na maradhi ya kuharisha yaliyofanana na kuhara damu, yeye alikuwa amemwona nungunungu mgonjwa akifukua na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele. Watu wa kijiji waliuogopa mmea huo, wakijua ni sumu. Babu Kalunde hakuwakimbilia wagonjwa nao. Aliwasimulia watu alichokiona, akaanza kwa kuunywa yeye mwenyewe kwa kiasi kidogo kidogo, na ndipo walipokubali kuwapa wagonjwa wao.

Hapo tukamwambia mjukuu wetu atazame vizuri. Chausiku hakula mti mzima, bali alichagua kiini na kuacha ganda na majani, ambako ukali ni mwingi zaidi. Sokwe wazima hawakuutafuta mti ule. Aliyeutafuta ni mgonjwa, naye aliacha alipopona. Babu Kalunde alianza kwa kipimo kidogo, tena mwilini mwake. Dawa, kwa hiyo, si jani peke yake. Jani ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni elimu ya sehemu ipi, kiasi gani, wakati gani, na kwa nani. Hata paka wa kitabuni hakuwa mganga siku ya kwanza, kwani alikaa uanagenzini muda mrefu chini ya mganga mzee. Mjukuu wetu alichukua utando, akauacha uanagenzi.

Akauliza tena, "Na paka wetu wa kweli je?" Paka wa nyumbani, ambaye Abu Qatada alimwinamishia chombo cha maji anywe, akaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa si najisi, naye ana maajabu yake. Kila mtu amemwona paka akila nyasi. Katika baadhi ya nchi paka hujisugua kwa mimea yenye harufu kali, na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate huko Japani walionyesha kwamba harufu ya mmea mmoja wa aina hiyo, ikishika manyoya ya paka, huwafukuza mbu. Lakini paka huyo huyo, ukimpa kidonge cha paracetamol, kile tumpacho mtoto mwenye homa, waweza kumuua, kwa sababu mwili wake hauwezi kukivunjavunja kama mwili wa mwanadamu. Basi kimponyacho mmoja chaweza kumwangamiza mwingine, na huruma isiyo na elimu haimkingi mgonjwa.

Enyi mama zetu, tumekileta kisa hiki kwenu kwa sababu kabati la dawa la nyumba zetu nyingi liko mikononi mwenu. Kuna habbat sauda, asali, tangawizi, karafuu, shubiri na mwarobaini. Hatuyadharau hata kidogo. Dini yetu imetufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya shifaa yake, na asali imetajwa katika Suratun Nahl kuwa ni ponyo kwa watu. Lakini dini hiyo hiyo imetufundisha dhamana. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah, anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Wanazuoni wameizungumza hadithi hiyo katika mlango wa fidia. Hiyo ina maana kwamba nia njema haimwondolei mtu hisabu. Sisi tulioketi na kikombe cha chai ilhali jeraha la mtoto limefungwa kwa vumbi la stoo, tulikuwa ndani ya hadithi hiyo.

Kabla ya kuondoka Eldoret tulipita mjini, na kando ya barabara tukawakuta wauzaji wa mitishamba wenye magome, mizizi na unga katika vichupa. Mmoja alikuwa na majani machungu ambayo Waluo huyaita olusia na Waganda mululuza. Pwani kwetu huitwa mtukutu. Ni mti ule ule aliouchagua Chausiku. Tukamuuliza muuzaji kipimo cha mtoto. Akasema, "Kijiko." Tukamuuliza kijiko gani, na mtoto wa umri gani, na mara ngapi. Akacheka tu. Hatukununua. Hatukumwona mwovu, tuliona nusu ya dawa imo kapuni mwake, na nusu ya pili haimo.

Kwa hivyo twawausia, na sisi tukiwa wa kwanza kuusiwa. Jeraha lioshwe kwa maji safi yatiririkayo na sabuni, lifungwe kwa kitambaa kisafi, na likiwa la bati, msumari au udongo, mtoto apelekwe hospitali akaangaliwe chanjo yake ya pepopunda, hata kama damu imekoma. Mtoto mchanga na mama mja mzito wasipewe mitishamba kwa kukisia. Na ukienda hospitali, usimfiche daktari ulichokunywa nyumbani. Wako wanaoficha kwa kuchelea kukemewa, kisha daktari akaongeza dawa juu ya dawa asiyoijua. Kukemewa ni kwa dakika moja, na figo au ini likiharibika ni jambo la umri mzima. Mweleze jina la mti, sehemu uliyotumia, na siku ulizoitumia.

Wala msiiache elimu ya bibi zetu ipotee. Nyumba yenye bibi hai ina chuo ndani yake. Mketini karibu naye, mwandikeni asemayo, na mwulizeni maswali yale yale tuliyomuuliza muuzaji. Mohamedi Seifu hakuikataa elimu ya wazee wake alipokaa na mtafiti, wala mtafiti hakuidharau elimu ya Mohamedi, na kwa kukaa pamoja ikapatikana elimu iliyowanufaisha wengi.

Siku ya kuagana mjukuu wetu alituonyesha daftari. Amelichora mistari: jina la mti, sehemu itumikayo, kipimo, ni kwa ajili ya nani, na nani amesema. Katika ukurasa wa kwanza ameandika mtukutu, na mahali pa kipimo hakuandika kitu. Tukamuuliza mbona amepaacha patupu. Akasema, "Sijapata anayejua, Babu. Mpaka nimpate, sitampa mtu."

Tukamwombea dua, nasi twamwombea yeye na watoto wenu nyote. Mwenyezi Mungu awape elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe tulipokosea kwa kutojua. Amin.