Chandarua Kilichobaki Bukoba

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, familia tano za madrasa yetu mjini Bukoba tulikubaliana kuwapeleka watoto kambini kwa siku tatu, ufukweni mwa ziwa wilayani Muleba. Mahema tuliyaazima, sufuria zikakusanywa, na ndizi, kama ilivyo desturi ya Kagera, zilizidi walaji. Orodha ya mizigo ilijaza kurasa mbili. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, ndipo tulipogundua kwamba katika mahema sita hapakuwa na chandarua hata kimoja.

Tulipotafakari, tuliona sababu. Chandarua cha nyumbani hakiwekwi kabatini; kinaning'inia juu ya kitanda mwaka mzima hata jicho likaacha kukiona. Aandikaye orodha hukumbuka vitu anavyovichukua na kuvirudisha, naye husahau vile visivyotoka mahali pake.

Na kusahau chandarua Muleba ni jambo la kuona haya. Wilaya hiyo ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006. Baadaye maeneo yake 48 yalishiriki katika utafiti uliolinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa PBO, kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuihimili dawa. Vile vyenye PBO viliwakinga watoto zaidi. Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2017, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018. Ulimwengu ulijifunza vyandarua Muleba, nasi tukaenda huko mikono mitupu.

Siku ya kumi na mbili baada ya kurejea, binti wa miaka sita miongoni mwa watoto wetu alishikwa na homa. Kipimo kikaonyesha malaria. Alipewa dawa ya mseto, na alhamdulillah akapona. Mama yake hakumlaumu mtu. Lakini sisi tulioandika zile kurasa mbili hatukuweza kumtazama usoni kwa siku kadhaa. Wapo watakaosema hema lina zipu. Kweli, lakini ni mtoto gani akumbukaye kuifunga anapotoka kujisaidia usiku?

Kitu cha pili tulichokiacha ni ratiba ya swala ya mahali petu. Nyumbani muadhini hutosha. Kambini tulitegemea simu ya kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, nayo ikaadhini Maghrib jua lingali juu ya vilima. Wawili waliokuwa wamefunga sunna walikwisha shika tende mkononi! Dar es Salaam iko mashariki yetu, na jua huchwa huko mapema kwa nusu saa hivi. Mwezi wa Juni tofauti huzidi hapo.

Alfajiri yake vijana wakabishana juu ya kibla. Baadhi walielekea ziwani, wakidhani Makka iko mashariki. Kumbe kutoka Bukoba na Muleba kibla ni kaskazini, kikipinda kuelekea mashariki kwa nyuzi 18 au 19 tu; kwa aliye kwenye ufuko wetu, ziwa hubaki mkono wa kulia. Dira ndogo ingalimaliza ubishi. Asiye nayo anaweza kusimamisha kijiti tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, au 15 au 16 Julai saa 6:27, jua linapokuwa juu ya Al-Kaaba: kibla huwa upande ulio kinyume cha kivuli. Aweke alama ukutani, imfae mwaka mzima.

Mengine tuliyoyakosa yalikuwa madogo: chumvi, kiberiti, turubai la kutandika chini ya hema. Dumu za maji ni jambo jingine. Ziwa Victoria lina kichocho, na maji yake ya kuogea na kutawadhia ni heri yachotwe na kuachwa siku mbili kabla ya kutumiwa.

Inshallah tutakwenda tena Desemba, mvua au jua. Safari hii kila familia imeandika orodha yake ikiwa imesimama chumbani, ikiifuata siku nzima tangu kuamka hadi kulala, na kutazama juu pia. Vyandarua kumi na viwili vimekwisha kuhesabiwa, pamoja na kamba za kuvifungia. Dira bado tunaitafuta.